Visima vya Gede na Mtoto wa Jirani



Wapenzi wasomaji wetu, likizo ya shule imeingia, na baadhi ya wazazi wametuuliza: ni wapi tuwapeleke watoto kwa siku moja, wafurahi, wajifunze, na Swala zisiwapite? Juma hili tumeona jibu zuri ni kuwasimulia ziara tuliyoifanya sisi wenyewe pamoja na aila yetu, kutoka Mtwapa hadi Malindi, kupitia magofu ya wazee wetu. Tutasimulia pia kosa tulilolitenda katika ziara hiyo. Tungeweza kuliruka, lakini tumeona faida yake kwa wazazi ni kubwa kuliko aibu yetu.

Wengi wenu mwajua kwamba, ingawa asili yetu ni Pwani, maskani yetu kwa sasa ni Nairobi, mtaa wa Kiamaiko, kule Mathare. Kiamaiko ni soko la mbuzi. Malori huingia usiku kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, na wakati wa alfajiri sauti ya mwadhini huchanganyika na milio ya mbuzi wanaoshushwa. Jirani zetu wengi ni Waborana, watu wa biashara na wa msikiti. Tunasimama nao safu moja mara tano kwa siku, na watoto wao husoma katika madrasa yetu.

Tulipotangaza nyumbani kwamba tutashuka Pwani, jirani yetu mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi, alitujia baada ya Swala ya Isha na kutuomba tumchukue mwanawe wa miaka 12. Mtoto huyo ni mwanafunzi wetu, na alikuwa hajaiona bahari. Baba yake alituambia maneno machache: "Maalim, huyu ni amana." Tukaipokea amana hiyo kwa mikono miwili, na akatupa mkebe wa nyirinyiri wa kula njiani.

Tulishuka Mombasa kwa treni, tukalala kwa ndugu zetu Kisauni. Tulikuwa tumekodi gari la viti 14, tukapatana na dereva bei ya siku nzima pamoja na mafuta, mbele ya shahidi, kabla ya mtu yeyote kupanda. Tulikuwa sisi, mama watoto, mama yetu mzazi ambaye umri umemkwea, watoto wetu watatu, shemeji zetu wawili, na mtoto wa jirani. Baada ya Swala ya Alfajiri na chai ya mahamri na mbaazi, tukashika njia ya kaskazini.

Kituo cha kwanza kilikuwa Jumba la Mtwana, ng'ambo ya daraja la Mtwapa, mwendo mfupi kutoka barabara kuu kuelekea baharini. Maana ya jina hilo ni jumba la mtumwa mwanamume. Ni mji wa karne ya 14 na ya 15, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mapaa yameanguka zamani, lakini kuta zimesimama katikati ya mibuyu, na upepo wa bahari hupita milangoni kama mwenyeji. Misikiti yake ni minne. Mmoja uko karibu mno na ufuo, hata ukisimama mbele ya kibla chake wasikia mawimbi nyuma ya ukuta. Kando ya msikiti huo kuna kaburi lenye aya ya Sura Aali Imran inayokumbusha mauti. Tuliwasomesha watoto aya hiyo pale pale, na kila mmoja akaikariri. Mtoto wa jirani ndiye aliyeikariri upesi zaidi, kwa tajwidi nzuri, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kutia miguu baharini. Aliporudi alilamba vidole vyake, akasema kwa mshangao: "Kweli ni chumvi!" Mama yetu alicheka hadi akakaa chini.

Tukaendelea, tukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, mpaka tukafika Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi. Mahali hapa ni pa kupendeza sana. Unasimama juu ya jabali, chini yako maji ya buluu yanaingia bara, na mbele yako daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya daraja hilo watu walivuka kwa feri, na mama yetu alikumbuka siku alizongoja kivuko juani akiwa na mtoto mgongoni; mtoto mwenyewe ndiye anayeandika safu hii. Magofu yenyewe yana misikiti miwili, makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ambazo ndizo zilizoupa mji jina lake, na kibla kilichozungushiwa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa ustadi.

Hapo ndipo tulipokosea.

Watoto waliuliza mji ulivunjwa na nani. Sisi, bila kupima maneno, tulijibu kama tulivyosikia utotoni kwa wazee: kwamba Wagala walikuja kutoka kaskazini, wakaua na kuangamiza. Mtoto wetu wa pili akauliza: "Wagala ni nani?" Tukasema: "Ni hao Waborana na wenzao." Mtoto wa jirani alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwetu. Mdogo wa watoto wetu akamgeukia, akasema kwa kelele, "Kumbe ni nyinyi!" Wenzake wakacheka. Ni mzaha wa watoto, lakini kuni za moto huo zilikuwa zetu.

Mtoto hakusema neno. Alijitenga, akaenda kukaa chini ya mbuyu. Tulipokula, hakugusa chakula, wala mkebe wa nyirinyiri wa baba yake hakuufungua. Mama yetu, ambaye macho yake yamepungua nuru lakini moyo wake haujapungua, alituita kando na kutuambia: "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini waweza kumteke huyo mtoto mengine."

Kwenye gari, kutoka Kilifi hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, tulikuwa kimya tukiyapima maneno yetu. Tuliona yana makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la jina. "Gala" ni jina ambalo watu hao hawajiiti, na wanaliona ni la kuwadharau. Wao ni Waoromo, na Waborana ni tawi lao, kama walivyo Waorma wa Mto Tana, ndugu zetu Waislamu. Sura ya Al-Hujurat imetukataza kuitana kwa majina ya kubezana, na sisi tumeifundisha sura hiyo kwa miaka mingi. Ilitupasa kuwa wa kwanza kuifuata.

Kosa la pili ni la elimu. Ni kweli kwamba wanahistoria wanautaja mwendo wa Waoromo kuelekea kusini mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17 kuwa miongoni mwa sababu za kuhamwa kwa miji kadhaa ya pwani hii, Mnarani ikiwemo. Lakini ni miongoni mwa sababu tu. Jumba la Mtwana, tulilolizuru asubuhi ile ile, lilihamwa katika karne ya 15, muda mrefu kabla ya Waoromo kufika pwani hii. Nani basi alilivunja Jumba? Mwaka 1589 palikuwa na vita vya Wazimba vilivyoitikisa Mombasa. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, na biashara na mamlaka zikahamia huko, na Sheikh wa Malindi akahamia Mombasa pamoja nao. Miji midogo ikabaki kama duka ambalo barabara imelihama. Na sababu nyingine tutaieleza punde, maana hiyo hatukuifundisha sisi.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi. Tulimbebesha mtoto wa miaka 12 mzigo wa mambo ya miaka 400 iliyopita. Hakuna nafsi ibebayo dhambi ya nafsi nyingine. Hili ni jambo la msingi katika dini yetu, na kila mtoto wa madrasa analijua. Na mtoto huyu alikuwa amana.

Tulifika Gede karibu na adhuhuri. Gede iko ndani ya msitu, si mbali na Watamu, na imezungukwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Ukiingia, joto la barabarani linakuacha, na tumbili wanakutazama kutoka juu ya kuta za majumba. Magofu haya yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927. Mtaalamu James Kirkman akaanza kuyachimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikayatia katika orodha ya urithi wa dunia. Kuna jumba la mfalme, kuna misikiti mingi, na kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Tuliwaacha watoto wapige hesabu wenyewe ya miaka iliyopita tangu hapo, kwa Hijria na kwa Miladia, na waeleze kwa nini hesabu mbili hizo hazilingani.

Lakini kabla ya kaburi, tulianza na Msikiti Mkuu. Tuliwakusanya wote mbele ya kibla, wakubwa kwa wadogo, tukamwita mtoto wa jirani asimame karibu nasi. Kosa lilikuwa limetendwa mbele ya watu, hivyo lilistahiki kutengenezwa mbele ya watu. Tukamwambia: "Mwanangu, kule Mnarani tulisema neno lisilokuwa na uadilifu. Tumekosea jina la watu wako, tumekosea historia, na tumekukosea wewe. Tunakuomba msamaha." Kisha tukawaeleza wote yale makosa matatu, kama tulivyokuelezeni nyinyi.

Mtoto aliinama. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo bila shaka alikuwa nalo tangu chini ya mbuyu: "Maalim, basi huu msikiti, ni sisi tuliouvunja au si sisi?"

Tulimjibu: "Watu walipigana zamani, wa kwenu na wa kwetu, na mambo yao yako kwa Mola wao. Wewe umekuja hapa leo, umetia udhu, umesoma aya kaburini. Ukitaka kujua wewe ni nani katika kisa hiki, tazama kibla hiki kinaelekea wapi." Tukawaonyesha kwamba kibla cha Gede kinaelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko kaskazini mwetu, na ndiko tunakoelekea pia katika msikiti wa Kiamaiko. Tukamwambia pia kwamba jina lenyewe la Gede linasemekana kuwa la Kioromo, na maana yake inatajwa kuwa kitu cha thamani. Hapo aliinua uso.

Kando ya msikiti kuna kisima na birika la kutawadhia. Watoto wote walikikimbilia kisima, na hapo mambo yakageuka. Mtoto wa jirani alipiga magoti ukingoni, akachungulia, akauliza kamba ilikuwa na urefu gani na maji yalikuwa chini kiasi gani. Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Akaanza kutueleza yeye. Kwa babu yake, alisema, visima ni virefu sana. Wanaume husimama ndani, mmoja juu ya mwenzake kama ngazi, wakipokezana maji kutoka mkono hadi mkono huku wakiimba, mpaka yafike kwenye hori la ng'ombe. Maji yakishuka, kisima huchimbwa tena. "Lakini kuna siku kisima kinakataa," alisema.

Mtoto wetu mdogo, yule wa "Kumbe ni nyinyi," akamuuliza: "Kisha?"

"Kisha watu wanahama. Ng'ombe hangoji."

Nasi tunawaambieni, wasomaji wetu, kwamba hilo ndilo jambo ambalo wataalamu wanalitaja katika habari ya Gede: kushuka kwa maji ya visima ni miongoni mwa sababu za watu kuuhama mji huo. Mtoto ambaye asubuhi tulimtaja kama mvunjaji wa miji ndiye aliyetufahamisha jinsi mji unavyokufa. Tangu hapo watoto wetu walimfuata yeye, si sisi. Kila kisima walichokikuta, na Gede ina visima vingi, walimngoja achungulie kwanza.

Katika majumba ya Gede watoto walishangazwa na vyoo na mahali pa kujisafishia ndani ya nyumba, jambo ambalo mtoto wa Kiamaiko, anayegawana choo kimoja na plotini nzima, analiona ni utajiri. Majumba mengine yamepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Vyombo vya Uchina viliifikia Gede, na kutoka pwani hii hii, mwaka 1415, twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Wazee wetu hawakuwa watu wa kujifungia. Bahari ilikuwa njia yao, na msikiti ulikuwa kituo chao.

Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja, kwa kupunguza, katika msikiti wa mji wa Gede wa leo. Watoto walijifunza hukumu ya Swala ya msafiri kwa vitendo, na hilo wanalikumbuka kuliko somo la ubaoni. Kisha tukaenda Malindi.

Malindi tulikaa kidogo tu, maana mama yetu alikuwa amechoka. Tuliuona msalaba wa mawe wa Vasco da Gama, aliyefika hapo mwaka 1498. Lakini kilichotugusa ni makaburi ya nguzo yaliyo kando ya Msikiti wa Ijumaa. Hayo ni ndugu wa makaburi ya Mnarani na Gede kwa umbo. Tofauti ni kwamba hapa msikiti wa jirani yake una watu. Viatu vilikuwa mlangoni, mzee mmoja alikuwa akisoma Msahafu, na maji yalikuwa yakitiririka mferejini. Mama yetu alitoa salamu ya wafu, kisha akatoa salamu ya walio hai, na zote mbili zilikuwa na mahali pake.

Basi kwa wazazi wanaotaka kuifuata njia hii, tunausia yafuatayo. Ondokeni baada ya Alfajiri, na msitie zaidi ya vituo vinne katika siku moja. Patana na dereva mapema, na umweleze nyakati za Swala kabla ya safari. Chukueni maji ya kutosha na kofia za watoto, na ulizeni kiingilio langoni. Msipande juu ya kuta wala msiokote kipande cha kigae, kwani ni mali ya vizazi vyote. Mkifika makaburini toeni salamu na mwaombee waliolala humo, wala msiwaombe wao. Baadhi ya watu huacha sadaka chini ya mibuyu na kwenye magofu kwa kutaraji msaada wa mizimu. Waelezeni watoto kwa upole kwamba dua huelekezwa kwa Allah peke yake.

Na la mwisho ndilo tuliloliandikia safu hii. Mnaposimulia habari za kale mbele ya watoto, tazameni kwanza nani yuko katika safu. Katika miji yetu ya leo, mtoto wa aliyeshambulia na mtoto wa aliyeshambuliwa wanakaa mkeka mmoja wakisoma juzuu moja. Historia isemwe, tena isemwe kwa ukweli wake wote, lakini isiwe fimbo ya kumpigia ambaye hakuwako.

Tuliporudi Kiamaiko, tulikwenda nyumbani kwa jirani yetu kabla hata ya kufungua mizigo. Tuliona si haki asikie habari hiyo kwa mwingine. Tukamweleza neno tulilolisema, na tukamwomba msamaha kama tulivyomwomba mwanawe. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatumiminia chai ya maziwa, kisha akasema: "Maalim, kijana amefika saa nyingi, na hajanyamaza tangu afike. Amenieleza bahari ni chumvi, na amenieleza visima. Hilo jingine hakulitaja."

Tulikunywa chai ile tukiwa na haya. Mtoto alikuwa ameichunga amana yetu kuliko sisi tulivyoichunga ya baba yake.

Twamwomba Allah awarehemu waliojenga miji hiyo na waliohama, azitie nuru ndimi zetu, na aijaalie misikiti yetu iwe na maji, na watu, na watoto wa kila kabila. Amin.

Wabillahi tawfiq.